Biashara Bila Kauli: Uhakiki wa Mchezo wa Kompyuta wa Elite (1984) na Funzo Lake kwa Uzalishaji wa Matini za Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inahakiki Elite, mchezo wa kompyuta wa biashara ya anga za juu uliotungwa na David Braben na Ian Bell na kuchapishwa na kampuni ya Acornsoft nchini Uingereza mwaka 1984. Hoja kuu ni kwamba maana ya mchezo huu imo katika kanuni zake za hesabu kuliko katika maneno machache yanayoonekana kwenye skrini, na kwamba mhakiki anayesoma maneno pekee atapitwa na sehemu kubwa ya dhamira. Mambo matatu yanachunguzwa: soko lisiloweka kumbukumbu, bidhaa iitwayo watumwa, na cheo kinachopimwa kwa idadi ya vyombo vilivyoangamizwa. Baada ya hapo makala inachambua sarufi ndogo iliyotumiwa kuzalisha maelezo ya sayari na kuuliza ingekuwaje kama ingetungwa kwa Kiswahili. Inabainika kwamba mfumo wa ngeli haukuwa kizuizi hata kwa mashine ndogo za wakati ule. Kizuizi ni desturi ya kuunda programu kwa lugha moja na kutafuta tafsiri baadaye. Mapendekezo yanatolewa kwa watafiti na washauri wa sera za lugha.

1.0 Utangulizi

Mchezaji anayefungua Elite kwa mara ya kwanza hupewa mambo machache: jina la Jameson, chombo cha anga cha aina ya Cobra Mk III, kredi 100, na kituo kinachoizunguka sayari ya Lave. Hapewi kisa cha kufuata, adui mkuu wa kumshinda, wala mstari wa kumalizia. Anaweza kununua chakula na kukipeleka kwenye sayari jirani, kuwinda maharamia, kuwa haramia yeye mwenyewe, au kuzurura tu. Mchezo hauna mwisho.

Kwa mwaka 1984 uhuru huo ulikuwa jambo geni. Michezo mingi ya kompyuta za nyumbani ilirithi desturi za mashine za sarafu: maisha matatu, alama zinazopanda, na dakika chache za kucheza kabla ya kushindwa. Watunzi wa Elite walipoipeleka kazi yao kwa mchapishaji wa kwanza waliyemwendea, ilikataliwa kwa sababu haikuwa na mambo hayo. Ndipo Acornsoft ilipoipokea.

Sifa za kiufundi za Elite zimekwisha kuelezwa mara nyingi. Lililobaki ni kuusoma mchezo huu kama matini, yaani kuuliza unasema nini kuhusu biashara, watu na haki, na unakisema kwa njia gani. Swali hili linawahusu wataalamu wa Kiswahili kwa sababu mbili. Kwanza, Kiswahili kilienea kutoka pwani hadi bara kwa kiasi kikubwa kupitia misafara ya biashara, na kwa hiyo msamiati na maadili ya biashara yamo ndani ya lugha yenyewe. Pili, mbinu ambayo Elite iliitumia kuzalisha sentensi kutoka kwenye violezo vyenye mapengo ndiyo mbinu inayotumika hadi leo katika ujumbe mwingi wa simu, benki na ofisi za umma. Kasoro au ubora wa mbinu hiyo unamfikia kila raia anayesoma Kiswahili kwenye skrini.

2.0 Mazingira ya Kutungwa kwa Elite

Braben na Bell walikuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge walipoutunga mchezo huu. Mashine waliyoiandikia, BBC Micro, ilitengenezwa na kampuni ya Acorn na kuanza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 1981. Haikuwa zao la soko huria pekee. Shirika la utangazaji la BBC lilikuwa na mradi wa kuwafundisha wananchi matumizi ya kompyuta, uliojumuisha vipindi vya televisheni, vitabu na mashine yenye nembo ya shirika hilo. Serikali ya Uingereza nayo ilichangia nusu ya gharama ili shule za sekondari zipate kompyuta. Kwa sababu hiyo BBC Micro ilikuwa katika madarasa mengi ya nchi hiyo wakati Elite ilipotoka.

Jambo hili lina uzito kwa washauri wa sera. Mchezo unaosifu mfanyabiashara wa peke yake, asiye na dola wala jamaa wa kumsaidia, ulizaliwa juu ya mashine iliyosambazwa kwa fedha na mipango ya umma. Kejeli hiyo haionekani popote ndani ya mchezo, lakini ni sehemu ya historia yake.

Mashine hiyo ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 32, na sehemu yake ilimezwa na skrini na mfumo endeshi. Ndani ya nafasi iliyobaki watunzi walilazimika kuweka michoro ya pande tatu, mapigano, soko na ramani ya ulimwengu mzima. Kila neno lililoonekana kwenye skrini lilikuwa limegharimu nafasi ambayo ingetumiwa kwa jambo jingine. Kwa hiyo, mhakiki ana haki ya kuchukulia kila kilichowekwa kuwa kimechaguliwa, na kuuliza kwa nini kilichoachwa kiliachwa.

3.0 Ulimwengu Uliozalishwa kwa Hesabu

Elite ina galaksi nane zenye sayari 256 kila moja, yaani sayari 2,048. Hakuna hata moja iliyohifadhiwa kwenye kaseti au diski. Watunzi walihifadhi namba tatu tu za kuanzia, kila moja ikiwa na biti 16, kisha wakaandika kanuni ya kujumlisha namba hizo ili kupata nyingine tatu, na nyingine tatu tena, mithili ya mfuatano wa Fibonacci. Kila kundi la namba ni mbegu ya sayari moja. Kutokana na mbegu hiyo kompyuta hukokotoa mahali ilipo sayari, aina ya serikali, uchumi, idadi ya watu na jina. Kwa kuwa hesabu haibadiliki, Lave ya mchezaji wa leo ndiyo Lave ya mchezaji wa 1984.

Mbinu hiyo ingeweza kuzaa galaksi zisizohesabika, na watunzi walikusudia kutoa nyingi mno. Mchapishaji alisisitiza zipunguzwe, akiamini kwamba wingi uliopita kiasi ungefichua kuwa ulimwengu huo ni zao la hesabu tupu. Uamuzi huo ulikuwa wa kihakiki kuliko wa kiufundi. Ulitambua kwamba msomaji hushawishika na ulimwengu anaoweza kuamini kwamba mtu aliufikiria.

Majina yalipatikana kwa kuunganisha jozi za herufi kutoka katika orodha fupi: LA na VE huzaa Lave, DI na SO huzaa Diso, LE, ES na TI huzaa Leesti. Jozi nyingi ni za konsonanti ikifuatwa na irabu, na hii ndiyo sababu majina kama Diso au Lave hayamkwazi msemaji wa Kiswahili, ambaye lugha yake inapendelea silabi wazi. Jozi zinazoanza kwa irabu huharibu mpangilio huo na kuzaa majina kama Tionisla au Zaonce. Hesabu haina haya wala adabu: watunzi wamesimulia kwamba galaksi moja iliachwa baada ya kugunduliwa kwamba sayari yake mojawapo ilijipatia jina la tusi. Hapa inaonekana kwamba hata katika ulimwengu uliozalishwa na kanuni, mtunzi haondoki. Hugeuka kuwa mchujaji, na wajibu wake kwa matokeo unabaki palepale.

4.0 Soko Lisiloweka Kumbukumbu

4.1 Mlinganyo wa bei

Soko la Elite lina bidhaa 17, kuanzia chakula na nguo hadi dhahabu na vito. Bei ya kila bidhaa hukokotolewa kwa kuchukua bei ya msingi, kuongeza au kupunguza kiasi kinachotegemea uchumi wa sayari, na kuongeza bahati nasibu kidogo. Uchumi una daraja nane, kutoka sayari tajiri ya viwanda hadi sayari maskini ya kilimo. Chakula, vileo na manyoya huwa rahisi kwenye sayari za kilimo na ghali kwenye sayari za viwanda. Kompyuta na bidhaa za anasa hufuata mwelekeo wa kinyume. Mchezaji hugundua upesi njia ya faida: kubeba mazao kutoka shambani kwenda kiwandani, na kurudi na mashine.

Njia hiyo inafahamika vyema kwa yeyote aliyesoma historia ya uchumi wa kikoloni. Lakini hoja nzito zaidi iko kwenye kile ambacho mlinganyo hauna. Hauna nafasi ya matendo ya mchezaji. Akinunua shehena yote ya chakula, kiasi kilichopo hupungua lakini bei haipandi. Akiuza kompyuta kwenye sayari moja kwa miaka mingi, sayari hiyo haisogei hatua moja kutoka kwenye umaskini wake. Bei zitabadilika kidogo kwa bahati nasibu, kisha zitarudi zilipokuwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika Elite daftari la mchezaji lipo, na hifadhi ya mchezo hulitunza kwa uaminifu: fedha zake, shehena yake, silaha zake. Daftari la sayari halipo. Biashara humbadilisha mfanyabiashara tu.

Inaweza kujibiwa kwamba kumbukumbu ya kilobaiti 32 isingeweza kubeba historia ya sayari 2,048. Jibu hilo ni sahihi, ila halitoshi. Isingekuwa lazima kukumbuka sayari zote. Kukumbuka chache ambazo mchezaji amezitembelea karibuni kungetosha kumwonyesha kwamba ujio wake una athari. Nafasi ilipatikana kwa vituo vinavyozunguka, rada ya pande tatu na wanamaji wa Thargoid wanaovizia kati ya nyota. Kilichokosa kipaumbele ni wazo kwamba mnunuzi na muuzaji hubadilishana zaidi ya bidhaa.

4.2 Biashara bila kauli

Katika Kiswahili biashara ni tukio la mazungumzo. Bei hutajwa, hupingwa, hupunguzwa, na mwisho watu hupatana. Yupo dalali anayezungumza kwa niaba ya wengine. Ipo pia mali kauli, bidhaa inayokabidhiwa kwa muuzaji kabla hajailipa, kwa dhamana ya neno lake. Msamiati huu unaonyesha kwamba katika jamii zilizoukuza Kiswahili, kauli ya mtu ilikuwa sehemu ya mtaji wake.

Elite haina kauli. Kituoni hapana muuzaji mwenye jina, hapana salamu, hapana kupatana bei. Kuna jedwali la bidhaa, bei na kiasi, na mchezaji huandika namba. Hapana mkopo, deni wala mshirika. Hili haliwezi kuelezwa kwa uchanga wa teknolojia peke yake, kwa maana Acornsoft hiyohiyo ilikuwa imekwisha kuchapisha michezo iliyoendeshwa kwa maneno matupu kama Philosopher's Quest, kwa mashine hiyohiyo. Lugha iliwezekana. Katika mchezo huu wa biashara haikuonekana kuwa ya lazima, kwa kuwa biashara yenyewe ilifikiriwa kuwa tofauti ya namba mbili.

4.3 Watumwa kwa tani

Miongoni mwa bidhaa 17, ya nne katika orodha ni watumwa. Huuzwa kwa tani, kama chakula na madini. Mchezo unaiweka bidhaa hii katika kundi la magendo pamoja na dawa za kulevya na silaha, na mchezaji anayeondoka kituoni akiwa nayo huchafuka mbele ya sheria. Hesabu ya kosa huwapa watumwa na dawa za kulevya uzito mara mbili ya silaha. Kwa hiyo, si kweli kwamba mchezo hauoni ubaya. Unauona, lakini unauona kwa namna ya pekee: soko la kituo huuza watumwa hadharani, na sheria humngoja mnunuzi mlangoni.

Mlinganyo wa bei unasema jambo zito zaidi kuliko sheria hiyo. Watumwa hupatikana kwa bei nafuu kwenye sayari maskini za kilimo na huuzwa ghali kwenye sayari za viwanda, kwa mwelekeo uleule wa chakula na vileo. Hakuna sentensi hata moja katika mchezo inayotangaza kwamba maskini huzaa watu wa kuuzwa. Alama ya kutoa iliyo katika safu moja ya jedwali la bei ndiyo inayosema hivyo. Tena, chombo cha adui kinapolipuka na rubani akaponyoka ndani ya kidonge cha uokozi, mchezaji mwenye vifaa vya kuchota anaweza kukizoa, na rubani huyo huingia katika orodha ya shehena kama mtumwa. Aliyekuwa mpiganaji mwenye chombo chake dakika moja iliyopita sasa ni sehemu ya tani.

Katika pwani ya Afrika Mashariki neno hili halisomwi kama pambo la hadithi. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa kwa mkataba wa mwaka 1873 kati ya Sultani Barghash na Uingereza, na kanisa kuu la Kianglikana likajengwa mahali lilipokuwa. Njia za misafara zilizokibeba Kiswahili hadi Tabora, Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika zilibeba pia watu waliofungwa minyororo. Msomaji wa urithi huo hana budi kutambua kwamba Elite, pasipo kukusudia, iliandika kwa usahihi wa kutisha jinsi daftari la mfanyabiashara linavyomgeuza mtu kuwa kipimo.

Mwaka 1991 toleo la mashine ya Nintendo lilibadilisha jina la bidhaa hiyo ili isomeke kuwa watumwa wa kiroboti. Neno lilibadilika na jedwali likabaki na nafasi ileile kwa bidhaa ileile. Mfano huu unafaa kukumbukwa na kila anayedhani kwamba kusafisha istilahi kunatosha kusafisha mfumo.

5.0 Cheo na Kipimo Chake

Jina la mchezo ni jina la cheo cha juu kabisa. Mchezaji huanza akiwa amepewa daraja la asiye na madhara, na hupanda ngazi nane kupitia daraja za dhaifu, wa wastani, hodari, hatari na nyinginezo, hadi kufikia Elite. Mtu angetarajia kwamba katika mchezo wa biashara cheo kitatokana na biashara. Sivyo. Cheo hutokana na idadi ya vyombo vilivyoangamizwa, na kufikia Elite kunahitaji vyombo 6,400. Mchezaji anaweza kujaza hazina yake kwa kredi zisizo na hesabu na bado akaitwa asiye na madhara.

Muundo huu una mantiki yake. Fedha hununua silaha, silaha huleta ushindi, ushindi huleta cheo. Biashara ni njia, vita ndio mwisho. Aidha, kipimo hakibagui aliyeangamizwa. Haramia aliyeshambulia, mfanyabiashara aliyekuwa akipita na askari aliyekuwa kazini wote huhesabiwa mmoja mmoja. Sheria huandika kosa katika safu yake, na heshima huandikwa katika safu nyingine, na safu hizo mbili hazikutani.

Je, huu ni udhaifu wa kisanaa? Kwa sehemu, ndiyo, kwa maana unapunguza thamani ya uhuru uliosifiwa mwanzoni: mchezaji yuko huru kuchagua njia, lakini njia moja tu ndiyo inayopewa jina. Kwa sehemu nyingine, ni ukweli ambao mchezo unausema waziwazi kuliko wasifu wake. Mara nyingi historia ya biashara ya masafa marefu imekuwa pia historia ya bunduki, na jamii nyingi zimemtukuza mwenye bunduki kuliko mwenye mizani.

Pamoja na hayo, ubora wa Elite hauwezi kukanwa. Safari kati ya nyota huleta taharuki ya kweli kwa sababu kila tani ya shehena imenunuliwa kwa jasho. Kutia chombo kwenye mlango wa kituo kinachozunguka ni jaribio la ustadi ambalo halipitiki kwa bahati. Na ule ukimya wa ulimwengu wake umewafanya wachezaji watunge hadithi zao wenyewe, wakisaidiwa na riwaya fupi ya Robert Holdstock, The Dark Wheel, iliyofungashwa pamoja na mchezo. Kasoro zilizotajwa zina uzito kwa sababu kazi yenyewe ina nguvu. Mchezo dhaifu usingemfundisha mtu chochote.

6.0 Sarufi ya Maelezo ya Sayari na Mfumo wa Ngeli

6.1 Jinsi sentensi zilivyozalishwa

Toleo la diski lilikuwa na jambo la ziada: kila sayari ilikuwa na maelezo mafupi ya maneno. Lave, kwa mfano, husifiwa kwa misitu yake ya mvua na funza wa mitini. Maelezo hayo nayo hayakuhifadhiwa. Yalizalishwa na sarufi ndogo yenye violezo vya sentensi, kila kiolezo kikiwa na mapengo, na kila pengo likiwa na vibadala vitano. Kibadala chenyewe kinaweza kuwa na mapengo ndani yake. Mbegu ya sayari ndiyo huamua kibadala kipi kichaguliwe. Huu ni mfano mdogo, ulio dhahiri, wa sarufi zalishi: kanuni chache zenye ukomo zikizaa tungo nyingi.

Mbinu hii ilirahisishwa na Kiingereza chenyewe. Kivumishi cha Kiingereza hakipatani na nomino. Neno lenye maana ya -kubwa hubaki vilevile likitangulia milima, bahari au vyura. Kwa hiyo, mashine iliweza kuchagua kivumishi kwanza na nomino baadaye, bila ya chaguo moja kulijua jingine. Kila pengo liliishi peke yake.

6.2 Kiolezo kwa Kiswahili

Kiolezo sawa na hicho kwa Kiswahili kingekuwa na umbo hili: "Sayari ya X inasifika kwa [nomino] [kimilikishi] [kivumishi]." Kikijazwa ipasavyo kinatoa "misitu yake mikubwa," "bahari zake kubwa," "mapango yake makubwa" na "vimbunga vyake vikubwa." Kikijazwa kwa mtindo wa mapengo yasiyojuana kitatoa tungo kama *"bahari yake mikubwa" au *"vimbunga zake kubwa," ambazo hakuna msemaji wa Kiswahili sanifu atakayezikubali.

Vivumishi navyo haviko sawa. Mashina kama -kubwa, -kali na -ekundu huchukua kiambishi cha ngeli, na yanayoanza kwa irabu hubadilisha umbo la kiambishi: wekundu, myekundu, jekundu, chekundu. Maneno ya rangi kama kijani, manjano na buluu huhitaji kihusishi -a. Sifa kama ya kuwa na pembe huhitaji -enye. Maneno kama safi na hodari hayabadiliki. Hatimaye, panya na vyura, ingawa umbo lao si la ngeli ya A-WA, hupatanishwa kwa ngeli hiyo kwa kuwa ni viumbe hai.

Kwa mtazamo wa haraka, orodha hii inaonekana kuunga mkono dai kwamba Kiswahili ni kigumu mno kwa mashine ndogo. Uchambuzi wa karibu unaonyesha kinyume. Katika Kiswahili nomino kwa kawaida hutangulia, na upatanisho hutiririka kutoka kwake kwenda kulia: kwa kimilikishi, kwa kivumishi, kwa kitenzi. Kwa mashine inayozalisha sentensi kutoka kushoto kwenda kulia, huu ni mpangilio wa neema. Inatosha kukumbuka thamani moja, yaani ngeli ya upatanisho ya nomino iliyotangulia, na kuitumia hadi nomino nyingine itokee. Vighairi vipo, kama vile vioneshi vinavyotangulizwa kwa msisitizo, lakini violezo vinaweza kuviepuka bila hasara.

Gharama yake ni ndogo pia. Umoja na wingi vikihesabiwa kando, na ngeli za mahali zikijumuishwa, aina za upatanisho zinatosha katika thamani 16, ambazo hubebwa na biti nne. Kamusi ya nomino 100 ingehitaji baiti 50 tu kubeba taarifa hiyo. Zingeongezeka jedwali dogo la viambishi na alama ya kuonyesha kivumishi ni cha aina gani. Mashine ya kilobaiti 32 ingeumudu mzigo huo, ilimradi mfumo uwe umepangwa hivyo tangu mwanzo.

6.3 Kutoka Elite hadi ujumbe wa simu

Sharti hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Programu iliyojengwa kwa dhana ya mapengo yasiyojuana haiponi kwa kutafsiriwa maneno yake. Kiolezo cha "[nomino] imefutwa" kitatoa "picha imefutwa" bila kasoro. Kitatoa pia *"ujumbe imefutwa" na *"mafaili imefutwa." Mfasiri hana la kufanya, kwa maana kosa haliko katika neno lolote alilopewa. Liko katika pengo lisilobeba ngeli. Matokeo yake ni kwamba lawama humwendea mfasiri, au mbaya zaidi, huiendea lugha.

Mpangilio wa jedwali una faida nyingine kwa ukanda huu. Kiswahili hakisemwi kwa namna moja kutoka Mombasa hadi Lubumbashi, ambako ba- na bi- husikika pale ambapo Kiswahili sanifu kina wa- na vi-. Viambishi vikiwa katika jedwali, kamusi moja inaweza kuhudumia lahaja zaidi ya moja kwa kubadilisha safu za jedwali. Vikiwa vimegandishwa ndani ya violezo, kila lahaja itahitaji kazi kuanzwa upya, na kwa kawaida haitaanzwa kamwe.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Uhakiki huu umeonyesha kwamba Elite husema mengi pale isipotumia maneno. Alama ya kutoa katika jedwali la bei imebeba nadharia ya nani huuzwa na nani hununua. Kihesabu cha vyombo vilivyolipuliwa kimebeba nadharia ya heshima. Kukosekana kwa daftari la sayari kumebeba nadharia ya maendeleo. Vivyo hivyo, pengo lisilojua ngeli limebeba dhana kuhusu lugha: kwamba lugha zote hujengwa kama ile ya aliyeandika programu.

Mapendekezo matatu yanafuata kutokana na hayo. Kwanza, vyuo vinavyofundisha uhakiki wa fasihi kwa Kiswahili viingize usomaji wa kanuni katika mitaala yao, ili mwanafunzi aweze kuhoji jedwali na mlinganyo kama anavyohoji msuko na wahusika. Pili, vyombo vyenye dhamana ya lugha, ikiwamo Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na mabaraza ya kitaifa, vitoe orodha za nomino za kidijitali zenye taarifa ya ngeli ya upatanisho, zinazoweza kutumiwa bure na watunzi wa programu. Kamusi zilizopo zina maarifa hayo tayari, na kinachokosekana ni umbo linalosomeka na mashine. Tatu, serikali za nchi wanachama zinaponunua mifumo ya kuhudumia wananchi, mikataba itaje wazi kwamba kila pengo katika kiolezo cha Kiswahili lazima libebe ngeli. Kifungu hicho ni kifupi, na gharama ya kukisahau hulipwa kila siku na anayesoma ujumbe usio na sarufi kutoka kwa serikali yake.

BBC Micro ilifika darasani kwa sababu mamlaka za umma ziliamua kwamba kompyuta ni jambo la raia wote. Wanafunzi wawili wakapata jukwaa la kuandikia ulimwengu mzima ndani ya kilobaiti 32, na katika ulimwengu huo watu waliuzwa kwa tani bila yeyote kutamka neno. Ukanda wa Afrika Mashariki sasa unaamua ni mashine zipi na programu zipi zitakazofika darasani kwake. Kanuni zitakazokuwa ndani yake zitawafundisha watoto biashara ni nini, mtu ni nani na lugha yao inaweza nini. Ni vyema zisomwe na kuhakikiwa kabla ya mikataba kutiwa saini.